Wafilisti walitoka wapi hasa, na nchi yao ilianzia wapi ikaishia wapi?

Ndanda Kwetu:
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uelewa wa historia ya Mashariki ya Kati. Kwenye jumuiya yetu tunasoma Waamuzi na Samweli, tulipofika kwa Samsoni ubishi ukawaka mpaka muda wa kufunga ukapita. Mmoja anasema Wafilisti ni Waarabu tu, ndo hawahawa Wapalestina wa leo, mwingine anasema hapana hao ni watu wa Ugiriki walikuja kwa bahari, wa tatu kafungua Mwanzo 10 anasema ni uzao wa Hamu kwa hiyo ni Waafrika, basi kila mtu akashika lake. Mi nataka kujua walitoka wapi kwa ushahidi na sio kwa kuhisi, nchi yao ilikuwa na ukubwa gani maana ukisoma Biblia unaona kama wako kila kona, na mwisho wao ulikuwaje, mbona baada ya manabii hawasikiki tena. Mwenye nondo ashushe, nitasoma yote hata iwe ndefu.

Chaki Nyeupe:
Swali zuri sana mkuu, na nimefurahi umetaka ushahidi maana hii mada huwa inamezwa na siasa kabla haijaanza.

Anzia Misri, huko ndo walikoandikwa mapema kuliko kwingine kote. Ng'ambo ya magharibi ya Nile pale Luxor kuna hekalu la Farao Ramesse wa 3, panaitwa Medinet Habu. Kwenye kuta zake kachonga vita alivyopigana mwaka wa 8 wa utawala wake, kama 1175 KK hivi, na maandishi yanataja watu walioungana kumshambulia: Peleset, Tjeker, Shekelesh, Denyen na Weshesh. Peleset ndo Wafilisti, hapo wasomi karibu wote wanakubaliana. Ila usiishie kwenye majina, tazama picha zenyewe. Wanaume wamevaa kofia zenye kitu kimesimama wima kama manyoya yaliyopangwa, wana ngao za duara, merikebu zao mbele na nyuma zina vichwa vya ndege. Halafu ukija kwenye vita ya nchi kavu unaona mikokoteni ya ng'ombe, magurudumu yake ni mbao nzito isiyo na spoki, na juu yake wamekaa wanawake na watoto katikati ya mapigano. Mimi picha hiyo ndo iliyonishawishi. Mtu anayekwenda kupora na kurudi habebi mke na mtoto kwenye mkokoteni wa ng'ombe, hao walikuwa wamehama kwao moja kwa moja.

Na kwanini wahame? Kipindi hicho upande wote ule wa bahari ya Mediterania ulikuwa unaporomoka. Majumba ya wafalme kule Ugiriki, Mycenae na Pylos, yameungua, ufalme wa Wahiti kwenye Uturuki ya leo umesambaratika, mji wa Ugarit pwani ya Syria umechomwa na haukujengwa tena. Watu wakawa wanatembea kutafuta pa kuishi, wengine na silaha mkononi.

Sasa ukichimba kwenye miji ya Wafilisti, tabaka la karne ya 12 KK, unakuta maisha ya ndani ya nyumba yamebadilika. Vyungu vimetengenezwa kwa mtindo wa Ugiriki lakini udongo ni wa palepale, maana yake havikuletwa na mfanyabiashara, aliyekuja ni mfinyanzi mwenyewe na ujuzi wake kichwani. Baadaye wakaanza kuvipaka rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na mchoro wanaoupenda ni ndege aliyegeuza shingo anatazama mgongoni. Meko yamejengwa katikati ya chumba. Vile vitonge vya udongo vya kuvuta nyuzi kwenye kitanda cha mfumi havina tundu, wakati vya Wakanaani wa jirani vilitobolewa. Na mifupa ya nguruwe ni mingi, kwenye baadhi ya miji kitimoto kililiwa sana kuliko vijiji vya milimani walikokaa Waisraeli. Mambo ya jikoni na ya kufuma hayaenezwi na jeshi mkuu, yanakuja na familia.

Halafu 2019 ikatoka DNA ya Ashkeloni. Walijaribu mifupa ya watu zaidi ya 100, ni 10 tu waliotoa DNA ya kutosha kwa sababu joto na unyevu wa pwani unaiharibu. Kati yao kuna vichanga wanne waliozikwa chini ya sakafu za nyumba mwanzoni mwa zama za chuma. Vichanga hao wana sehemu ya asili kutoka kusini mwa Ulaya ambayo watu wa Ashkeloni wa kabla yao hawana. Na kichanga hawezi kuwa baharia aliyepita njia, kazaliwa hapohapo, wazazi wake ndo wahamiaji au watoto wa wahamiaji. Ukienda mbele karne chache ile sehemu ya Ulaya karibu haionekani tena, walishaoana na wenyeji. Kwa hiyo jibu langu mimi ni kwamba walikuja wageni, na wajukuu wa wajukuu wao wakawa wenyeji kabisa wa nchi ile.

Binti Usambara:
Mwalimu umemaliza upande wa mashimo ya akiolojia, ila Biblia nayo ilishasema muda mrefu. Amosi 9:7 Mungu anauliza kama si yeye aliyewatoa Israeli Misri na Wafilisti Kaftori. Yeremia 47:4 anawaita mabaki ya kisiwa cha Kaftori, na Sefania 2:5 anataja Wakerethi pamoja nao. Kaftori wengi wanasema ni Krete. Na tuangalie uzito wa maneno ya Amosi, anawaambia Waisraeli kwamba hata adui yenu nae ana safari yake aliyoongozwa na Mungu. Huo mstari ungetosha kutuliza hiyo jumuiya.

Chaki Nyeupe:
Kweli dada. Naongeza kidogo tu kwamba tusiwabane Krete peke yake. Vitu vyao vina harufu ya Krete, ya Cyprus, ya Ugiriki bara na ya pwani ya kusini ya Uturuki, ni kundi la mchanganyiko lililokusanyika njiani.

Kipusa254:
Kwa upande wa eneo wacha niongezee, nimefuatilia sana hii kitu na ramani.

Nchi yao ilikuwa ndogo kuliko vile watu hudhani. Ni kipande cha pwani kuanzia kusini ya Gaza hadi mto Yarkoni, pale Tel Aviv ya leo, na ukitoka baharini kuingia ndani unafika vilima vya chini vya Yuda kama kilomita 20 na kitu hivi. Mtu mwenye miguu mizuri anakata upana wake kwa siku moja. Lakini ardhi yenyewe ni tamu, tambarare, ya ngano na mizabibu, na ndani yake inapita ile barabara kuu ya pwani ya kutoka Misri kwenda Syria. Kutoka 13:17 inaiita njia ya nchi ya Wafilisti, Mungu hakuwapitisha Waisraeli huko ndio wasione vita wakarudi. Anayeshika hiyo barabara anashika biashara na majeshi yote yanayopita.

Miji ilikuwa 5, kila mmoja na mkuu wake. Gaza, Ashkeloni na Ashdodi ziko upande wa bahari, Ekroni na Gathi ziko ndani karibu na vilima. Gaza ya kale imelaliwa na mji wa leo kwa hivyo haijachimbwa sana. Ashkeloni ndiyo bandari kamili, iko ukingoni mwa bahari yenyewe, na ilikuwa mji mkubwa wa Wakanaani kabla, Farao Merneptah anajisifu kuuteka kama 1208 KK, kwa hivyo Wafilisti hawakujenga kwenye pori, waliingia miji ya wenyewe. Ashdodi ilichimbwa kuanzia 1962 na huko kulipatikana kisanamu cha udongo kidogo, mwanamke ambaye mwili wake umegeuka kiti, shingo ndefu inatoka kwenye egemeo na miguu minne chini. Ni wa mtindo wa sanamu za Mycenae kabisa.

Gathi ndiyo inanishika zaidi. Leo panaitwa Tell es-Safi, kilima chenye miamba myeupe mdomoni mwa bonde la Ela, lile lile la Daudi na Goliathi. Chuo kikuu cha Bar-Ilan kilianza mradi wa kuchimba huko 1996 chini ya Aren Maeir na wakaona ilikuwa kati ya miji mikubwa zaidi ya nchi nzima. Kisha karibu 830 KK Hazaeli mfalme wa Shamu akaizingira, 2 Wafalme 12:17 inasema kwa ufupi tu kwamba akapigana na Gathi akautwaa. Ukifika kwa ardhi unaona alichimba handaki kwenye mwamba zaidi ya kilomita 2 kuzunguka mji ili mtu asitoke, na ndani wachimbaji wakakuta nyumba zimeporomoka juu ya vyombo vyake. Sasa fungua Amosi 1:6-8, anatabiri dhidi ya Gaza, Ashdodi, Ashkeloni na Ekroni. Gathi hayumo. Sefania 2:4 pia hayumo. Na Amosi 6:2 anawaambia watu washuke Gathi wakaangalie. Manabii walikuwa wanaishi dunia ambayo huo mji ulishavunjika, na mavumbi yanasema hivyo hivyo.

Kwa nini wanaonekana kila kona? Kwa sababu walikuwa wanapanda mabonde kwenda milimani, Soreki na Ela, na walifuata barabara kaskazini mpaka mlima Gilboa walikomuua Sauli na kutundika mwili wake ukutani Beth-shani. Hapo ni mbali na kwao, lakini ni kambi za vita na vituo vya njia, sio nchi yao ya kuishi.

Ndanda Kwetu:
Aisee nashukuru sana, hiyo ya Gathi kukosekana kwa manabii sijawahi kuisikia popote. Sasa mnisaidie na hili, kama walikuja karne ya 12 KK, mbona Mwanzo 21 na 26 Abrahamu na Isaka wanakutana na Abimeleki na nchi inaitwa ya Wafilisti? Hao ni karne nyingi kabla.

Chaki Nyeupe:
Hilo linaulizwa sana na linastahili jibu la heshima. Wengi wanaona mwandishi ametumia jina ambalo wasomaji wake walilijua. Ni kama sisi tunavyosema Vasco da Gama alifika Kenya 1498, alifika Mombasa na Malindi, Kenya kwa jina hilo haikuwepo, na hakuna anayetuita waongo. Halafu msome huyo Abimeleki, anakaa Gerari, jina lake ni la Kisemiti, hana wakuu 5, anaapishana na Abrahamu kwenye kisima kwa amani. Hafanani kabisa na Wafilisti wa Samsoni. Wapo wanaosema kulikuwa na wageni wa mapema kutoka Krete, na kweli mawasiliano yalikuwepo, Tel Kabri kaskazini kuna jumba la Wakanaani lenye michoro ya ukutani ya mtindo wa Krete miaka 1600 na kitu KK. Ila jumba moja lenye wachoraji wa kigeni sio taifa.

Mzizi wa Mbuyu:
Mi nasimama na Mwanzo 10:13-14. Misraimu ni mwana wa Hamu, kwa Misraimu wakatoka Wakasluhi walikotoka Wafilisti, na Wakaftori. Misri iko Afrika. Mnaruka maandiko mnakimbilia DNA ya vichanga wanne?

Binti Usambara:
Kaka hakuna aliyeruka, tusome orodha yote. Kwenye sura hiyohiyo Kanaani nae ni mwana wa Hamu, na Wakanaani walikaa Lebanoni mpaka Gaza wakiongea lugha iliyo ndugu na Kiebrania. Ile orodha inafunga watu kwa ujirani na kwa nani alitawala wapi, na Kanaani ilikuwa chini ya Misri miaka mingi. Krete na Misri walijuana sana, kwenye kaburi la Rekhmire, waziri mkuu wa Misri karne ya 15 KK, wamechorwa watu wa Keftiu, ndivyo Wamisri walivyoita Krete, wamebeba vyombo vya zawadi kwenye foleni. Na baada ya vita vya Ramesse wa 3 kuna gombo refu la mafunjo linaloitwa Papyrus Harris, Farao anasema aliwaweka mateka kwenye ngome zake na kuwagawia nguo na chakula kutoka maghalani. Kwa hiyo mwandishi wa Mwanzo kuwaweka Wafilisti karibu na Misri ana sababu nzito, bila kusema babu zao walizaliwa ukingoni mwa Nile.

Mzizi wa Mbuyu:
Hiyo ya Kanaani kuwa kwa Hamu ni hoja, nitaisoma tena sura nzima. Lakini dini yao mbona ya Dagoni, mungu samaki, si ishara ya watu wa bahari?

Binti Usambara:
Dagoni sio samaki kaka, hiyo ni tafsiri ya baadaye tu. Dagoni ni mungu wa Kisemiti, alikuwa akiabudiwa Ebla na Mari huko Syria zaidi ya miaka 1000 kabla Wafilisti hawajafika, anahusishwa na nafaka. Yaani walimkuta huko wakamchukua, na 1 Samweli 5 tayari ana nyumba Ashdodi. Hapo unaona jinsi walivyobadilika.

Kipusa254:
Na kwa lugha ni vile vile. Ekroni 1996 lilipatikana jiwe la wakfu hekaluni, mistari 5, limeandikwa kwa herufi na lugha ya watu wa nchi ile, karibu sana na Kifoinike. Linasema hekalu limejengwa na Akishi mwana wa Padi, mkuu wa Ekroni, kwa ajili ya bibi yake mungu wa kike. Padi tunamjua, Senakeribu wa Ashuru anaandika kwamba 701 KK alimtoa Yerusalemu alikofungwa na Hezekia akamrudishia kiti chake. Na jina Akishi ni lile lile la mfalme wa Gathi aliyempokea Daudi miaka 300 nyuma, na sio jina la Kikanaani. Mungu wa kike naye ana jina geni, wengi wanalitafuta Ugiriki. Yaani karne ya 7 KK wanaongea kama majirani, lakini jina la mtoto wa kifalme na mungu wa nyumbani wamebaki nao.

Ndanda Kwetu:
Basi nimalizieni na mwisho wao, na lile la Wapalestina maana ndo lililotugawa zaidi.

Chaki Nyeupe:
Mwisho wao ni Babeli. Kabla ya hapo Ashuru iliwabana kwa kodi, lakini iliwaacha hai, tena Ekroni ilitajirika, wamekuta zaidi ya mitambo 100 ya kukamulia zeituni, mji mzima ulikuwa kiwanda cha mafuta. Ashuru ilipoanguka Nebukadreza akashuka pwani. Kuna barua ya mafunjo iliyookotwa Saqqara, Misri, 1942, mfalme anayeitwa Adoni anamwandikia Farao kwa Kiaramu, anasema majeshi ya mfalme wa Babeli yamefika Afeki, tuma watu waniokoe. Wengi wanaona ni mfalme wa Ekroni. Msaada haukufika. Mwishoni mwa 604 KK Ashkeloni ikachomwa, wachimbaji wakakuta vyombo vimepondwa sokoni na mwanamke aliyekufa hapo na fuvu limevunjwa. Ekroni nayo ikaenda kipindi hichohicho. Vibao vya mgao wa chakula kule Babeli vinataja wana wa Aga mfalme wa Ashkeloni, wako uhamishoni wanapewa posho kama alivyopewa Yekonia mfalme wa Yuda. Yuda walirudi na vitabu vyao na jina lao, Wafilisti kama taifa hawakurudi.

Jina likabaki kwenye ardhi. Waashuru waliita pwani ile Palastu, Herodoto karne ya 5 KK anaita Palestina eneo pana kuliko miji ile 5, na Warumi baada ya kuzima uasi wa Wayahudi 135 BK wakaliita jimbo lote Syria Palaestina, Waarabu wakasema Filastin. Wapalestina wa leo ni watu wa nchi ile waliotokana na wengi waliopita na kukaa humo, Wakanaani wakiwemo na waliokuja baadaye, na lugha yao ni Kiarabu. Kuwachukulia kama ndo ukoo wa Goliathi ni kosa, na inaniuma nikisikia mtu anatumia mistari ya Samweli kuhukumu mtoto wa Gaza wa leo, wala mistari hiyo haimhusu.

Jirani wa Ziwa:
Naomba niingie na swali moja, ni kweli Wafilisti ndo waliokuwa na siri ya chuma na ndo maana waliwashinda Waisraeli? Nimesikia sana mimbarani.

Kipusa254:
Soma 1 Samweli 13:19-22 pole pole. Inasema hakukuwa na mhunzi katika nchi yote ya Israeli, Wafilisti walizuia Waebrania wasijifanyie panga na mikuki, kwa hivyo kila mkulima alishuka kwao kunoa jembe na shoka. Bei imetajwa, pim, yaani fedha iliyopimwa kwa uzito, na wachimbaji wamepata vijiwe vya mizani vimeandikwa neno hilo, vya gramu kama 7.8, ni karibu theluthi mbili za shekeli. Hiyo ni pesa kubwa kwa mkulima wa jembe moja. Siri ya chuma haitajwi. Hata Goliathi kwenye sura ya 17, kofia ni shaba, deraya ni shaba, miguuni shaba, chuma ni kichwa cha mkuki pekee, shekeli 600, kama kilo 7 hivi. Na mashimo ya miji yao hayaonyeshi chuma kingi kuliko majirani wakati huo. Walichoshika ni mafundi, ukimzuilia jirani mhunzi, umemnyang'anya upanga kabla hajaufua.